Wimbo wa Fahali Usiachwe Yatima
Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wako wenzetu chamani wanaosema kwamba mchezo wa fahali ni ushenzi mtupu, ila muziki wake ni mtamu. Ati tubaki na ngoma, fahali tumtupe. Mimi nasema, hebu tuulizane kwanza wimbo huo ulitoka wapi.

Tuanzie mbali, Uhispania. Huko mtu hupambana na fahali uwanjani, na kwa kawaida fahali huishia kuuawa kwa upanga. Wapiganaji wanapoingia, bendi huwapigia muziki uitwao pasodoble, wenye mwendo wa gwaride. Katika viwanja vingi, mpiganaji akionyesha ustadi mbele ya fahali, bendi humpigia papo hapo kama tuzo. Asipouonyesha, tarumbeta hunyamaza kimya. Kwa hivyo muziki pale si pambo tu, ni hakimu pia.

Muziki huo haukukaa uwanjani. Mwaka wa 1875, Mfaransa Georges Bizet alitoa mjini Paris opera yake iitwayo Carmen, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa. Wimbo wa mpiganaji fahali uliomo humo unajulikana hata na watu wasiojua opera ni kitu gani. Baadaye pasodoble ikawa dansi ya mashindano. Mwanamume hujifanya mpiganaji, na mwanamke huwa kile kitambaa cha kumpungia fahali. Fahali mwenyewe yuko wapi? Hayupo! Wengi waichezao kumbini hawajapata kumwona fahali akipigana hata siku moja.

Sasa turudi nyumbani, Kakamega. Kwa Waisukha na Waidakho, mafahali hupigana wao kwa wao asubuhi na mapema, na anayegeuka kukimbia ndiye aliyeshindwa. Fahali haendi uwanjani peke yake kama mwizi. Husindikizwa kwa isukuti: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na vyuma vya kugonga. Kiongozi huanzisha, umati hupokea. Fahali husifiwa kwa jina lake kama shujaa anayekwenda vitani.

Sisemi kwamba isukuti ni ya fahali peke yake, la hasha! Hupigwa harusini, mazishini na mtoto azaliwapo. Hata mashabiki wa AFC Leopards huenda nayo mpirani. Lakini jamani, hebu watazameni mashabiki hao vizuri. Wanaisindikiza timu, wanaisifu, wanaichochea isigeuke kukimbia. Mimi naona pale timu ndiyo imekuwa fahali! Ndiyo maana nasema fahali ameacha alama za kwato zake katika muziki wetu, hata pale asipoonekana.

Mwaka wa 2014 shirika la UNESCO liliiweka isukuti katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Wengi wa wanaoijua vizuri ni wazee, na warithi ni haba. Lakini si tunaiimba kila mwaka katika tamasha za muziki? Naam, tunaiimba. Tunavaa sare, tunaruka, tunapewa cheti. Ila ukimwuliza mwimbaji maana ya neno alilolirudia mara kumi, atakuambia, "Ndivyo tulivyofunzwa." Huo si urithi, ni kasuku.

Wanaolalamikia ukatili wana haki yao, kwa maana fahali huumia na hakuulizwa. Hata Wahispania wenyewe hawajaelewana. Bunge la Katalonia lilipiga kura mwaka wa 2010 kuupiga marufuku mchezo huo, na mwaka wa 2016 mahakama ya katiba ya Uhispania ikaibatilisha sheria hiyo. Huenda siku moja mchezo wetu nao ukabadilika au ukaisha. Mimi sitalia. Nitakacholilia ni wimbo uliobaki yatima, usiojua aliyeuzaa.

Rai yangu ni hii. Kila shule inayopeleka isukuti mashindanoni iende kwanza kwa wazee wanaoipiga. Iwaulize neno kwa neno: hapa mnamsifu nani, hapa mnamkejeli nani, na kwa nini ngoma inabadilika fahali wakikaribiana? Iyaandike majibu kwa lugha yao na kwa Kiswahili chetu. Nao waamuzi watenge alama za maelezo hayo, si za kuruka peke yake. Chama chetu kinaweza kuanza muhula ujao, kwani daftari na kalamu tunazo.

Asiyekubaliana nami aandike katika toleo lijalo. Nitamsoma kwa hamu. Lakini aje na hoja, asije na vyeti.