Kushika na Kusimulia

Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga huko Walikale, mzee Rureke alimwimbia na kumsimulia Daniel Biebuyck habari za Mwindo kwa siku 12, bila kitabu mkononi. Akili ya kushika maneno namna hiyo hulelewa tangu utoto.

Mtoto asomaye hana budi kushika mwanzo wa sentensi hata afike mwisho wake. Huko Masisi na Walikale vita imewakimbiza watoto wengi na kuwakatiza masomo. Kwa hiyo tuwasaidie kwa upole.

Mwalimu, hata kama huna vitabu, waketishe duara. Wa kwanza aseme: “Nilikwenda sokoni, nikanunua muhogo.” Wa pili arudie, aongeze maharage, wa tatu arudie yote, aongeze ndizi. Anayesahau asichekwe, bali wenzake wamkumbushe. Kisha piga kofi, gusa goti, gusa sikio. Nao wafuatishe, halafu wageuze, waanzie mwisho. Anza na mambo mawili matatu tu.

Lakini mchezo peke yake haumfundishi mtoto kusoma. Lazima asikie maneno mengi na kuyatumia. Basi wewe mama, jioni penye moto, tega kitendawili kwa Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda, lugha yoyote ya nyumbani. Mhadithie mtoto, kisha umwambie: “Sasa nihadithie wewe.” Naye akisimulia, usimkatize. Mtoto aliyepoteza shule asipoteze pia wa kumsikiliza.