Tumaini la mbinguni huonekana nyumbani

Mzazi mwenzangu, watoto hawaioni mbingu, wanakuona wewe. Miaka ya 1930, uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ulienea Uganda, Kenya na Tanganyika. Waliookoka hawakuishia kuimba: walirudisha mali walizoiba, wakalipa madeni ya zamani, wakawaomba radhi waliowakosea.

Nasi tujipime kwa mambo madogo. Dada wa kazi amelipwa kwa wakati? Chenji iliyozidi imerudi dukani? Ukimwonea mwanao, unamwomba msamaha?

Uzima wa milele haununuliwi kwa matendo hayo; ni neema. Lakini anayeutazamia huanza kuuishi sebuleni kwake. Wiki hii lipa deni moja ulilolikwepa, na umweleze mtoto kwa nini umelilipa.