Tuipishe Treni, Ndugu Zangu

Kutoka unapolala hadi unapofanyia kazi, unavuka reli mara ngapi kwa siku?

Mkazi wa Buguruni, Vingunguti, Karakata au Gongo la Mboto hana haja ya kufikiri sana. Alfajiri anaivuka kwenda kituoni, mchana mtoto anaivuka akitoka shule, jioni mama anaivuka na ndoo ya samaki kichwani. Wenzetu wa Morogoro, Dodoma, Manyoni, Tabora na Kigoma wako hivyo hivyo, na wa Ifakara, Makambako na Mbeya wanaijua TAZARA kama wanavyowajua majirani zao. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Mitaa yetu mingi imekuja kuikuta hapo. Tumekua tukisikia honi yake usiku, tukaizoea.

Na mazoea hayo ndiyo ninayotaka tuyazungumze leo, kifamilia.

"Treni ya asubuhi imeshapita, twende." Nani kati yetu hajawahi kusikia maneno hayo? Mtu anayeishi jirani na reli ana ratiba yake kichwani: ya abiria hupita muda huu, ya mjini hurudi muda ule. Basi anavuka kwa hesabu hiyo, hata shingo hageuzi. Lakini treni ya mizigo haikukupa ahadi yoyote. Treni iliyochelewa huko nyuma itapita mtaani kwako saa ambayo hukuizoea. Kichwa kinaweza kurudi peke yake bila mabehewa. Halafu kuna kiberenge cha mafundi wa njia, kile kidogo, ambacho hutokea wakati wowote na kelele zake ni chache. Ratiba ikufae kwa kukata tiketi. Kuvuka, vuka kwa macho na masikio yako.

Kuna mazoea mengine, na haya yanatokana na wema wetu. Barabarani tunaishi kwa kuachiana. Bajaji inachomoza pua kidogo, mwenye daladala anakanyaga breki, mkono unapungwa, maisha yanaendelea. Tunaamini kwamba mwenzangu akiniona atanihurumia. Je, dereva wa treni hana huruma? Anayo tele. Ila chombo alichokalia hakimruhusu kuitumia.

Gurudumu la treni ni la chuma, linakanyaga juu ya chuma. Msuguano wake ni mdogo, na ndiyo maana kichwa kimoja kinaweza kuvuta mzigo ambao ungehitaji malori mengi. Kwa sababu hiyo hiyo, kusimama ni kazi ngumu. Treni ya mizigo inaweza kuzidi tani 1,000. Ikiwa katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, dereva akifunga breki zote za dharura, bado itakwenda mamia ya mita. Ikiwa nzito sana au inashuka mteremko, inaweza kukaribia kilomita nzima. Na treni haina usukani wa kukukwepa. Dereva akikuona umekwama mita 200 mbele yake, alichobakiwa nacho ni breki, honi na dua. Anakaa pale juu anatazama. Tumfikirie na yeye, kwani jioni anarudi kwa watoto wake kama sisi.

Sasa wewe mwenye semitrela, tufanye hesabu pamoja. Kwa mwendo huo wa kilomita 60, treni inakula karibu mita 17 kila sekunde. Ile iliyo mita 200 kutoka ulipo itakufikia ndani ya sekunde 12. Gari lako peke yake lina urefu wa karibu mita 18. Ukianzia pale uliposimama, ukavuka reli, mpaka taa za nyuma ziwe salama upande wa pili, umesogea mita 30 kwa gia ya kwanza, na mzigo mgongoni. Sekunde 12 zinatosha? Kwa mzigo mzito, mara nyingi hazitoshi.

Na macho yenyewe hutudanganya. Wakazi wa Karakata na Kipawa wanalijua jambo hili kwa kuwa wanaishi jirani na uwanja wa ndege: ndege kubwa ikishuka huonekana inaelea tu taratibu, kumbe iko kasi. Treni inayokuja moja kwa moja kuelekea ulipo inakufanyia mchezo huo huo. Unaiona, unasema bado iko mbali. Kwa hiyo usijaribu kukisia. Ukiiona treni, ipishe, hata kama moyo unakwambia utawahi.

Basi tufanyeje? Mambo yenyewe si mengi, na mengi yake unayajua. Ukifika penye alama ya reli, simamisha gari kabisa, mita chache kabla ya reli, kwa sababu treni ni pana kuliko njia yake na behewa huchomoza nje ya vyuma. Punguza redio. Teremsha kioo. Tazama kulia, tazama kushoto, kisha rudia, hasa penye kona au nyasi ndefu. Ukiridhika, pita moja kwa moja bila kubadilisha gia katikati ya reli, maana hapo ndipo gari hupenda kuzima. Kama kuna njia mbili na treni moja imepita, subiri kidogo. Nyuma ya mabehewa yake inaweza kuwa inakuja nyingine kutoka upande wa pili.

Penye geti, geti likishuka limeshuka. Pikipiki inaweza kupenya chini yake, naam, na vijana wetu wa bodaboda ni hodari wa kupenya. Lakini mlinzi wa geti amepewa taarifa ambayo wewe huna. Na geti lililo wazi lisikufanye usitazame, kwani geti ni chombo, na chombo huharibika.

Kuna jambo moja nataka tulikalie kidogo: foleni. Mjini hakuna anayepanga kusimama juu ya reli. Gari la mbele limesogea, na wewe unasogea, la mbele linasimama ghafla, la nyuma limeshakufuata. Umekwama, magurudumu ya mbele upande mmoja na ya nyuma upande mwingine, na abiria wako wako katikati. Dawa yake ni moja tu: usiingie relini kabla hujaiona nafasi ya gari lako upande wa pili. Watakaokupigia honi nyuma wapige. Wewe mwenye gari la nyuma, ukimwona mwenzako amesimama kabla ya reli na mbele yake pamejaa, mwelewe. Anakulinda na wewe pia.

Hili linatokea vilevile kwenye misafara yetu. Harusi inatoka ukumbini, au tunasindikiza marehemu kwenda kumzika, magari yamepangana na taa zimewashwa, hakuna anayetaka kukatwa na treni akaachwa njiani. La kwanza likivuka, yote yanavuka bila kutazama. Wenye shughuli, hivi mnaonaje mkilitangaza kabla ya kuondoka? "Kila dereva asimame kabla ya reli, wa mbele watawasubiri." Dakika tano za kusubiriana hazijawahi kuharibu harusi, na marehemu wetu hatakasirika.

Abiria je? Wengi tunadhani jambo hili ni la dereva peke yake. Hapana ndugu yangu, maisha yaliyomo ndani ya gari ni yako. Kumwambia dereva kwa adabu, "Kaka, tusimame kwanza tutazame," si ubishi. Wakisema wawili watatu, na hasa akisema mama mtu mzima aliyekaa siti ya mbele, dereva gani atakataa? Na wewe konda, ushuke, utangulie kwa miguu, utazame pande zote mbili ndipo uite gari. Utingo wa lori afanye hivyo hivyo, hasa usiku na wakati wa ukungu.

Nawaomba pia wenye magari na wenye maduka. Kijana anayepeleka mzigo akikupigia simu kwamba amesimama kabla ya reli treni inapita, utamjibu nini? Neno moja la bosi, "Sawa, usiwe na haraka," lina nguvu kuliko mabango mengi. Wewe unayesubiri chakula chako kiletwe kwa pikipiki, neno hilo unaweza kulisema pia.

Nyumbani mafundisho huanza na mkono. Mtoto hasikilizi sana tunachosema. Anatazama tunachofanya tukiwa tumemshika mkono. Mama akisimama kila mara, akatazama na kutaja kwa sauti, "Huku hakuna, na huku hakuna, sasa twende," mtoto atafanya hivyo siku atakayokwenda peke yake. Tuwaambie kwamba tuta la reli si uwanja wa kuchezea, mataruma si ya kurukia, na kupanga mawe au misumari juu ya chuma ni kucheza na roho za watu. Kurushia treni mawe vilevile. Na vijana wakubwa, jamani, zile hedifoni. Mkifika relini zitoeni masikioni, wimbo hautakimbia.

Reli mpya ya kisasa imeleta mambo yake. Tangu mwaka 2024 treni za umeme zinabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, nazo zinaweza kufika kilomita 160 kwa saa. Hizo ni zaidi ya mita 44 kwa sekunde moja. Unapofumba macho kupiga chafya imekwisha kupita. Juu yake kuna nyaya za volti 25,000, na pembeni kuna uzio, kwa hiyo kuvuka ni kwa madaraja na njia za chini. Najua kilio cha baadhi ya wenzetu kwamba kivuko kiko mbali na shamba au kisima. Kilio hicho ni cha kweli na kinastahili kusikilizwa. Tukipeleke kwa mwenyekiti, kwa diwani, kwa ofisi ya reli, tukirudie mpaka kieleweke. Wafugaji nao wakae na wenzao wapange mifugo ipitie wapi. Uzio tusiukate, kwa sababu tundu alilolikata baba kwa ajili ya ng'ombe, kesho atalipita mtoto.

Na gari likizima juu ya reli? Mpango wa siku hiyo tuwe nao kabla. Washushe watu wote kwanza, kabla ya kugusa kitu kingine. Mizigo, mabegi na kuku vibaki. Watu waondoke mbali na reli. Kama treni inaonekana, wakimbie pembeni na kuelekea kule inakotokea, kwa sababu ikigonga gari, vyuma na vioo hurushwa mbele inakoelekea. Ndipo mmoja akimbie kwa mlinzi wa geti au stesheni ya karibu, mwingine apige 112. Gari litanunuliwa jingine.

Sehemu iliyobaki ni ya mtaa mzima. Tazameni kivuko chenu wiki hii. Alama bado ipo, au imeng'olewa ikauzwa kama chuma chakavu? Nyasi zimeziba? Yule jirani aliyepanda mahindi hadi ukingoni, au mwenye kibanda cha chipsi kinachoficha kona, aendewe kwa upole. Bila shaka hakukusudia mabaya. Mvua zikichimba mashimo kati ya vyuma, magari huzimia hapo hapo, kwa hiyo taarifa ipelekwe mapema kabla masika hayajakolea. Kila Juni dunia huadhimisha siku ya usalama kwenye makutano ya reli na barabara, na ni jambo jema, lakini kivuko chenu kinavukwa siku zote 365. Mkutano ujao wa mtaa au kijiji, ukiisoma ajenda ukakuta kivuko hakimo, nyoosha mkono wakiongeze, na muondoke mkiwa mmekubaliana nani atafyeka nyasi na nani atapeleka barua stesheni.