Mizani Kwanza, Kisha Altare



Tangu mwezi wa Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuenea katika Beni na viunga vyake, parokia zetu hazijaacha kuomba amani. Tumesali rozari, tumefunga, tumekesha mbele ya Sakramenti Takatifu, na mara nyingi mno tumesindikiza majeneza. Hatuandiki ukurasa huu ili kuzidharau sala hizo. Bila hizo tungalikwisha kukata tamaa. Tunaandika kwa sababu kuna jambo ambalo hatulitaji tunaposali: amani tunayoiomba kwa mkono mmoja, tunaiuza kwa mkono wa pili.

Tuseme bila kuzungukazunguka. Mkulima wa pande za Mbau, Eringeti au Halungupa anakimbia usiku na kuacha kakao imeiva shambani. Yeye analala Oicha au Butembo, katika nyumba ya ndugu au darasa la shule. Kakao yake hailali. Inavunwa na wenye silaha, au na yeyote aliyethubutu kuingia shamba lililoachwa. Inapakiwa juu ya pikipiki, inafika mjini kwenye mizani. Mwenye pikipiki hakuuliza. Mwenye mizani hakuuliza. Mwenye ghala hakuuliza. Ikiisha kuchanganywa na nyingine, na gunia likashika njia ya Kasindi kuelekea Uganda, hakuna tena awezaye kusema ni jasho la nani.

Na mkulima yule yule? Asubuhi utamwona amesimama kando ya njia, anangoja kibarua: kubeba mchanga, kuponda mawe, kulima shamba la mwingine. Jioni anaambiwa arudi kesho kuchukua malipo, na kesho anaambiwa arudi Jumamosi. Ameibiwa mara mbili katika msimu mmoja, na mara zote mbili aliyemwibia anaweza kuwa ameketi naye benchi moja kanisani.

Yezu alimfahamu mtu huyo. Katika mfano wa shamba la mizabibu, Mathayo sura ya 20, anatuonyesha watu waliosimama sokoni hadi saa kumi na moja kwa sababu hakuna aliyewaajiri. Mwenye shamba hawaiti wavivu. Anawapa kazi, na jioni anaagiza walipwe, akianzia wa mwisho, kila mmoja ujira wa siku nzima. Tumezoea kusikia kwamba mfano huu unahusu ufalme wa mbinguni. Ndivyo ulivyo. Lakini Yezu alichagua kuueleza ufalme huo kwa habari ya mtu anayewalipa vibarua wake siku hiyo hiyo. Mkristu anayewazungusha vibarua anahubiri injili nyingine.

Kisha yupo Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru wa Yeriko. Yezu aliingia nyumbani mwake kabla hajastahili, neema ilitangulia. Lakini neema ilipoingia, ilikwenda moja kwa moja kwenye daftari la hesabu. Zakayo hakuahidi kuongeza sala, wala hakutoa mabati ya kuezeka sinagogi. Alisema kwamba nusu ya mali yake itakwenda kwa maskini, na kila aliyemdhulumu atarudishiwa mara nne. Ndipo Yezu akatangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba ile.

Sisi tumeugeuza utaratibu huo. Siku ya mavuno, bahasha nene inapopelekwa altareni, tunapiga vigelegele na jina la mtoaji linasomwa. Hakuna anayeuliza ilikotoka. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nasi tumewasifu watu huku mizani yao ikizidi kupinda. Chama chetu nacho kimepokea michango bila kuuliza, na tunaungama kosa hilo mbele yenu. Mathayo anasimulia kwamba makuhani wakuu, waliomnunua Yezu kwa vipande thelathini vya fedha, walikataa kuzirudisha fedha zile katika hazina ya hekalu kwa kuwa zilikuwa thamani ya damu. Watu wale, pamoja na uovu wao, waliona haya. Sisi je?

Tunajua tutakayojibiwa.

Tutaambiwa: biashara ni biashara, nisiponunua mimi, atanunua mwingine. Hatuwapigi vita wafanyabiashara. Butembo imejengwa kwa juhudi yao hata pale ambapo serikali haikuonekana, na waaminifu kati yao wanaumizwa na ujanja huu kama wakulima wanavyoumizwa. Tunalipinga neno lile. Kama dhambi ingepungua kwa sababu jirani yuko tayari kuitenda, isingebaki dhambi hata moja duniani.

Tutaambiwa pia: wenye hatia wako mbali, ni wakubwa wa Kinshasa, nchi jirani, makampuni ya ng'ambo. Ni kweli, tena ni kweli nzito. Papa Fransisko alipofika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023 aliwaonya wenye nguvu wa dunia waondoe mikono yao juu ya Kongo na Afrika. Lakini tumkumbuke na mchungaji aliyetulea. Askofu Emmanuel Kataliko aliliongoza jimbo letu tangu 1966 hadi 1997. Alituhimiza kutengeneza barabara kwa mikono yetu wenyewe, na katika miaka yake kilizaliwa Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, mwaka 1989. Akiwa Askofu Mkuu wa Bukavu, katika ujumbe wake wa Noeli ya mwaka 1999, alizishutumu nchi za nje zinazofanya vita kwa mali ya Kongo. Hakuishia hapo. Alisema pia kwamba wapo wananchi wenzetu wanaomtoa ndugu yao kwa noti ya dola kumi au ishirini. Waasi waliotawala wakati ule walimwondoa Bukavu mwezi wa Februari 2000, akaishi uhamishoni hapa hapa Butembo hadi Septemba, na tarehe 4 Oktoba mwaka ule ule akafariki akiwa safarini Roma. Anayesema kwamba Kanisa lisiguse mambo ya mali na uchumi, kwanza amjibu Askofu huyu. Na anayezitaja dola za wageni peke yake, azikumbuke zile kumi zetu.

Mwisho tutaambiwa: haiwezekani, katika nchi hii mwaminifu hafiki popote. Kwa neno hilo tunamtaja Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma. Hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa mlei kama sisi, wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, na kazi yake ilikuwa ya kukagua bidhaa katika ofisi ya serikali, ile tunayoiita OCC. Aliahidiwa fedha ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite na kuuzwa kwa watu. Alikataa. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, alitangazwa Mwenyeheri. Hatuwafichi gharama ya uaminifu. Yeye aliilipa yote. Tunasema tu kwamba Kanisa limetamka hadharani kuwa kijana wa Kivu ya Kaskazini, kazini kwake, siku ya kazi, aliweza.

Kwa hiyo tunaviomba vikundi vyote vya vijana, Kiro, Xaveri, Skauti na kwaya zetu, vijadili na kuamua mambo manne kabla ya mavuno yajayo.

Anayeendesha pikipiki asibebe kakao isiyojulikana mwenyewe. Aulize jina na kijiji, na asipojibiwa, ageuze. Anayefanya kazi kwenye ghala ahakikishe mizani imepimwa kwa uzito unaojulikana, mbele ya macho ya muuzaji. Anayeajiri, hata kama ameajiri mtu mmoja kwa nusu siku, amlipe kabla jua halijatua. Na sote tukatae kutoa na kupokea kile tunachokiita kwa upole matabishi, tukiite kwa jina lake, rushwa.

Hakuna anayewatuma kupambana na wenye bunduki. Tunawaomba msiwe wateja wao. Mwizi wa shamba hali kakao. Anakula fedha anayopewa na mnunuzi, na mnunuzi huyo anatoka katika nyumba zetu. Siku atakapokosa mizani ya kumpokea, bunduki yake itakuwa imepoteza sababu moja ya kurudi shambani.

Nasi walei tuliowatangulia tunajifunga kwa ahadi hii: katika chama chetu, siku ya mavuno hatutasoma tena majina ya watoaji, na mchango ambao mtoaji wake hawezi kuueleza hatutaupokea. Mkituona tunaivunja ahadi, tukumbusheni. Mna haki hiyo kwa Ubatizo wenu.

Yezu alifundisha kwamba anayeleta sadaka altareni, akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale, aende kwanza akapatane naye. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kumtafuta ndugu huyo. Yuko benchi la nyuma, mikono ina malengelenge, anaomba amani pamoja nasi, na bado anangoja Jumamosi.