Tuskegee: mji uliotiwa pembe 28

Ukimwuliza mpita njia mji ni nini, atakuonyesha nyumba, soko na barabara. Ukimwuliza mpima ardhi, atakuonyesha mpaka. Ukimwuliza karani wa sensa, atakutajia idadi ya watu. Mambo haya matatu aghalabu huenda pamoja, na ndiyo maana hatuyafikirii sana. Jumapili hii tutautazama mji mmoja mdogo wa chuo ambako yalitenganishwa kwa makusudi, na wenyeji wakalazimika kwenda mahakamani ili yakutanishwe tena. Mji huo ni Tuskegee, katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani.

Tuskegee ni makao makuu ya wilaya ya Macon, mwendo wa kilomita 60 hivi mashariki ya Montgomery, mji mkuu wa jimbo. Ulianzishwa mwaka 1833. Umekaa kwenye vilima vya misonobari, kandokando ya ukanda wa ardhi nyeusi yenye rutuba ambao Wamarekani huuita Black Belt. Ardhi hiyo ndiyo iliyowavuta wenye mashamba ya pamba, na pamba ndiyo iliyoleta watumwa. Hivyo, hata baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, watu weusi waliendelea kuwa wengi kuliko Wazungu wilayani humo. Pamba nayo iliichosha ardhi. Katika miaka ya 1930 serikali ilinunua mashamba yaliyokwisha kuliwa na mmomonyoko, ikayapanda miti. Leo hapo pana msitu wa taifa wa ekari zipatazo 11,000, ulio mdogo kuliko misitu yote ya taifa nchini Marekani.

Chuo chenyewe kilizaliwa kutokana na kura. Mwaka 1880 Mzungu mmoja aliyegombea kiti katika baraza la kutunga sheria la jimbo alihitaji kura za watu weusi. Alimwendea Lewis Adams, fundi wa bati na viatu aliyewahi kuwa mtumwa, mtu aliyesikilizwa sana na wenzake. Adams hakuomba fedha wala cheo, aliomba shule. Baraza likaidhinisha dola 2,000 kwa mwaka za kulipa mishahara ya walimu, lakini si za ardhi wala za majengo. Tarehe 4 Julai 1881 Booker T. Washington, kijana wa miaka 25 aliyezaliwa utumwani, alifungua darasa la wanafunzi 30 katika banda lililokuwa karibu na kanisa. Mwaka uliofuata walihamia shamba kuukuu nje kidogo ya mji, na wanafunzi wakaanza kufyatua matofali ya kujengea madarasa yao. Tanuru tatu za kwanza ziliharibika. Ya nne ikafaulu. Mwaka 1896 aliwasili George Washington Carver, mtaalamu wa kilimo, aliyewafundisha wakulima kuipumzisha ardhi kwa kupanda karanga na viazi vitamu badala ya pamba peke yake.

Sifa za chuo hicho zilivuka bahari. Mwaka 1901 wahitimu wake walikuwa Togo wakifundisha kilimo cha pamba chini ya Wajerumani. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilipopita Afrika ya Mashariki kuchunguza elimu, ilikuwa na mfano wa Tuskegee mawazoni, na mwaka uliofuata shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, Kenya. Wapo waliousifu mfano huo kwa kuwapa watu kazi za mikono, na wapo waliolalamika kwamba unamfundisha mtu mweusi kutumika tu, wala si kutawala. Yaliyotokea Tuskegee baadaye yanatusaidia kuupima ubishi huo.

Chuo kiliukuza mji kwa namna ambayo haikutarajiwa. Palikuja walimu, wahasibu na mafundi. Mwaka 1923 ilifunguliwa hospitali ya askari weusi waliostaafu, ikaleta madaktari na wauguzi. Mwaka 1941 wakaanza kufunzwa hapo marubani weusi wa kwanza wa jeshi la Marekani. Watu hao hawakulipwa mishahara na wenye mashamba wala wenye maduka ya Macon. Kwa hiyo haikuwa rahisi kuwatisha kwa kuwanyima kazi. Walianza kudai haki ya kuandikishwa kupiga kura. Wakati huo zaidi ya watu wanane kati ya kila kumi wilayani walikuwa weusi, lakini ofisi zote za serikali zilikuwa mikononi mwa Wazungu.

Watawala wakaona kwamba, kwa kuwa hawawezi kuwahamisha watu, watauhamisha mpaka. Mwaka 1957 baraza la jimbo lilipitisha sheria iliyoubadili mji wa Tuskegee kutoka umbo la mraba kuwa umbo la ajabu lenye pembe 28. Mstari ulizunguka nyumba hii, ukairuka ile, ukakwepa mtaa huu, ukaufuata ule. Ulipokamilika, chuo chenyewe kilikuwa nje ya mji. Kati ya wapiga kura weusi wapatao 400 walibaki wanne au watano tu. Wala hakuna hata Mzungu mmoja mpiga kura aliyetolewa.

Wenyeji hawakurusha mawe. Chama chao cha raia, kilichoongozwa na Charles Gomillion, mwalimu wa elimu ya jamii chuoni, kiliwaomba watu wanunue kwa marafiki zao tu. Maduka ya Wazungu yakakosa wateja, na mengi yakafungwa. Wakati huohuo Gomillion na wenzake walikwenda mahakamani. Tarehe 14 Novemba 1960 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitamka kwamba jimbo haliwezi kuchora mpaka wa mji kwa nia ya kuwanyang'anya watu kura kwa sababu ya rangi yao. Mwaka 1961 mipaka ya zamani ilirudishwa. Mwaka 1964 watu weusi waliingia katika baraza la mji, na mwaka 1972 Johnny Ford alichaguliwa kuwa meya.

Sasa tazama hesabu za sensa. Mwaka 1950 Tuskegee ilikuwa na watu 6,712. Mwaka 1960 ilikuwa na 1,750. Mwaka 1970 ilikuwa na 11,028. Mgeni asomaye tarakimu hizi pekee atadhani kwamba tauni iliufagia mji, kisha watu wakarejea kwa maelfu. Kumbe hakuna tauni. Waliotoweka katika daftari walikuwa wamelala katika nyumba zao zilezile.

Tangu hapo mji umepitia mabadiliko mengine. Baada ya shule kuamriwa mwaka 1963 kuchanganya watoto wa rangi zote, Wazungu wengi walihama. Idadi ilifika 13,327 mwaka 1980, ikashuka, na sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 9,395. Jirani yake Auburn, mji wa chuo kikuu kilicho kikubwa zaidi, wakati huo ulikuwa umepita 76,000. Vijana wa Tuskegee huhitimu, kisha hufuata kazi mijini. Chuo, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1985, kinao wanafunzi wapatao 3,000, nao ndio wanaoyachangamsha maduka na mitaa wakati wa masomo.

Kupungua huku hakuletwi na kalamu ya mtu mwenye hila; huletwa na riziki, na dawa yake ni ngumu zaidi kuliko hukumu ya mahakama. Hata hivyo mji ulioijenga shule yake kwa matofali ya wanafunzi hauwezi kupimwa kwa wingi wa watu peke yake. Basi mtoto wako atakaporudi nyumbani na zoezi la jiografia, na kwenye ramani pana mstari mwembamba wa mpaka, usimwulize tu mji huo una watu wangapi. Mwulize pia ni nani aliyeuchora mstari ule, na ni nani aliyeachwa nje.