Gari Lililoinama Nyuma

Mzigo wa kila siku huchosha hata chuma. Jambo hili twaliona katika yale magari ya Volkswagen yaliyoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1979, yakatiwa vitanda, jiko na makabati ili watu walale humo safarini. Injini yake i nyuma, na vyombo hivyo ni mzigo usioshushwa hata gari linapoegeshwa. Miaka ikipita, springi hulegea na nyuma ikainama.

Wengi hukimbilia kununua shokamzoba mpya. Twasema hiyo si dawa: shokamzoba kazi yake ni kutuliza mtikisiko, ichukuayo uzito ni springi.

Basi gari lisimamishwe mahali palipo sawa, upimwe urefu kutoka kati ya gurudumu hata ukingo wa bodi, kuume na kushoto. Itazamwe kutu na nyufa. Kisha springi zibadilishwe zote mbili pamoja, zenye nguvu iupasayo mzigo. Moja mpya na moja kuukuu hulipinda gari. Bodi iwekwe juu ya stendi imara, si jeki peke yake. Mkono wa gurudumu uegemezwe, ndipo shokamzoba ifunguliwe na mkono ushushwe polepole.

Vijana wetu, msiseme, "Linakwenda tu." Nyuma ikiinama, taa huelekea juu zikawapofusha wajao, na magurudumu ya mbele hupungukiwa uzito, usukani usishike vizuri. Na waliolala ndani ni wake na watoto wenu.