Prodyuza, chagua sauti biti ikiwa inalia

Omnisphere 2, moja ya plagini za kinanda zinazosifiwa sana studioni, ilikuja na sauti zaidi ya 14,000 zilizokwisha kutengenezwa. Prodyuza akiamua kuzionja zote, kila moja kwa sekunde kumi tu, atahitaji karibu saa 39 bila kula wala kulala, na hapo plagini nyingine kama Serum na Kontakt bado hajazigusa. Hakuna anayezimaliza kwa mkupuo. Wengi huzila kwa mafungu: leo saa mbili, kesho tatu, huku mwimbaji aliyelipia muda wa studio amejiegemeza kwenye kochi akiperuzi simu.

Wapo wanaosema dawa ni kuachana kabisa na preseti, yaani sauti hizo zilizotengenezwa tayari, kwamba msanii wa kweli hutengeneza kila sauti kwa mkono wake. Hayo ni majivuno. Mwenye Minimoog, kinanda cha mwaka 1970, alilazimika kuandika kwenye karatasi kila swichi ilikokaa, ili kesho aipate tena sauti ya leo. Prophet-5 ya kampuni ya Sequential Circuits ilipotoka mwaka 1978 ikiwa na uwezo wa kukumbuka sauti 40, watu waliishangilia. Mwaka 1983 ikaja DX7 ya Yamaha, ngumu kuitengenezea sauti mpya kiasi kwamba, ukiacha wachache wenye subira kama Brian Eno, wengi waliridhika na zile za kiwandani. Ndiyo maana piano moja ya umeme inasikika katika nyimbo nyingi sana za mapenzi za Marekani za miaka ya 1980.

Na preseti imewahi kugeuza muziki wa nchi nzima. Kinanda kidogo cha Casio MT-40, cha mwaka 1981, kilikuwa na mdundo ulioitwa “rock”, kazi ya Hiroko Okuda, mwajiriwa wa kampuni hiyo nchini Japani. Huko Jamaika Wayne Smith aliuimbia, prodyuza King Jammy akaupunguza kasi, na mwaka 1985 ikatoka “Under Mi Sleng Teng”. Baada ya hapo dancehall iliingia zama za vinanda vya kidijitali. Karibu zaidi na kwetu, ile besi inayodunda kama gogo katika amapiano imetokana na preseti ya Fruity DX10, plagini ndogo iliyomo ndani ya programu ya kutengenezea muziki ya FL Studio. MDU aka TRP wa Afrika Kusini ndiye anayetajwa sana kuwa aliianzisha. Diamond Platnumz alipotoa “Iyo” mwaka 2021 akiwa na Focalistic, mtindo huo ulikuwa umeshapiga hodi Dar es Salaam.

Tatizo basi si preseti zenyewe, ni jinsi zinavyochaguliwa. Biti imezimwa, prodyuza anabonyeza noti moja, anasikiliza, anapita. Anabonyeza nyingine, anapita. Watengenezaji wa preseti wanaijua tabia hiyo, nao huzipamba sauti zao kwa ajili yake: mwangwi mzito, upana kutoka spika ya kushoto hadi ya kulia, besi na king’ora ndani ya noti moja. Ikilia peke yake inasisimua. Iweke chini ya ngoma, gitaa na sauti ya mwimbaji, inameza kila kitu. Isitoshe, sikio la binadamu hudanganyika kirahisi: sauti mbili zikiwa sawa kwa ubora, ile iliyopaa kidogo huonekana nzuri zaidi. Anayeonja bila kusawazisha volyumu anachagua kelele.

Preseti za kusafisha na kupamba sauti zina mtego wake. Kompresa iliyoandikwa kuwa ni ya waimbaji huanza kubana sauti inapovuka kiwango fulani, na aliyekipanga kiwango hicho hajui mwimbaji wa Temeke amerekodiwa kwa nguvu gani. Akiwa amerekodiwa chini, kompresa haifanyi lolote. Akiwa juu, inamkaba. Mwangwi nao ni hivyohivyo. Katika singeli ya mapigo 200 kwa dakika, kila pigo lina sekunde 0.3 tu. Mwangwi wa sekunde mbili, unaopendeza kwenye wimbo wa polepole, utayafunika mapigo sita yanayofuata, na maneno ya MC hayatashikika.

Dawa yake haina gharama. Biti ilie wakati wa kuchagua, mwimbaji awepo hata kwa rekodi ya majaribio, volyumu zisawazishwe. Zichukuliwe preseti tatu au nne, iteuliwe moja, kisha ifanyiwe kazi: mwangwi upunguzwe, besi isiyotakiwa ikatwe, noti ifupishwe. King Jammy hakuuacha mdundo wa Casio kama alivyoukuta.

Kuna jambo zito zaidi ambalo kuperuzi hakutalimaliza. Mpangilio wa General MIDI wa mwaka 1991, ambao vinanda vingi duniani vimeufuata, una sauti 128. Ala zenye asili ya Afrika zilizotajwa humo kwa jina ni chache, kama kalimba, na banjo, ambayo asili yake ilivukishwa bahari na watumwa, pamoja na ngoma chache kwenye orodha ya midundo. Kalimba hiyo imepangwa kwa noti za piano. Ilimba ya Wagogo, ile aliyoipigia dunia marehemu Hukwe Zawose, ina mpangilio wake mwingine, na anayeitafuta kwenye folda za ala za dunia huenda akachoka bure. Maprodyuza wa singeli, wakiwamo wale wa studio ya Sisso kule Mburahati, Dar es Salaam, walipata utambulisho wao kwa kukata vipande vya taarabu na kuvikimbiza, hawakungoja kampuni ya Ulaya iwatengenezee.

FL Studio inamruhusu yeyote kuingiza rekodi yake, kuipanga kwenye kinanda na kuihifadhi kama preseti. Prodyuza aliye Dodoma, Zanzibar au Mombasa aanze wiki hii: amtafute mpiga ilimba, kanuni au zeze wa mtaani kwake, amlipe, arekodi noti moja moja, na jina la mpigaji aliandike kwenye faili.